Mjomba, kuhusu lile swali lako la uchaguzi wa huku Ujerumani

Shikamoo mjomba. Mi mzima, kazi zinaenda. Uliuliza mbona wanasiasa wa huku wanapigana madongo kwenye kampeni halafu baada ya uchaguzi wanaingia serikali moja, kwamba ni wanafiki au wastaarabu. Mi naona wala si tabia, ni hesabu ya kura tu.

Huku mtu ana kura mbili, moja ya mbunge wa jimbo, nyingine ya chama, na hiyo ya chama ndo inaamua kila chama kipate viti vingapi bungeni. Sasa Februari 2025 kina Friedrich Merz wa vyama vya CDU/CSU waliongoza kwa asilimia 28 na ushee, wakapata kama theluthi ya viti, watatawalaje peke yao? Ikabidi wakae na chama cha SPD ambao walikuwa wanawasema miezi yote ile, na hata hapo Merz kura ya kwanza ya kumfanya kansela, yaani mkuu wa serikali, ikagoma bungeni akapita ya pili siku hiyohiyo. Kwahiyo anayekutukana leo anapima maneno, kesho atakuhitaji. Ila usidhani kila kura inahesabika, chama kisipofika asilimia 5 kinakaa nje labda kishinde majimbo matatu, chama cha BSW walipata asilimia 4.98 wakatoka mikono mitupu.

Nenda Uingereza sasa. Kule kila jimbo anayeongoza kachukua, hata kwa asilimia 30. 2024 chama cha Labour walipata kama theluthi ya kura wakazoa viti 411 kati ya 650!! Chama cha Reform asilimia 14 viti 5, cha Lib Dems asilimia 12 viti 72. Yaani wenye kura chache wana viti vingi, kwa sababu Lib Dems kura zao zimejazana sehemu fulani fulani na za Reform zimetawanyika nchi nzima. Ndo maana vyama vya kule vinahangaika na majimbo machache yanayoyumba, ngome zinajulikana hakuna anayezibembeleza.

Lakini mfano ninaoupenda ni Malawi. 2019 Mutharika alitangazwa rais kwa asilimia 38 tu, Chakwera 35, Chilima 20. Watu wakaingia barabarani, fomu za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa kwa Tipp-Ex, ile rangi nyeupe ya kufutia wino, na Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi, ikasema pia rais lazima avuke nusu ya kura. Angalia hiyo sentensi moja ilivyofanya, Chakwera na Chilima waliokuwa wanagawana kura za wapinzani wakaungana fasta, mmoja rais mmoja makamu, wakashinda kwa 58 na ushee. Watu walewale, vyama vilevile, kilichobadilika ni sheria ya ushindi. Na 2025 Mutharika karudi kwa zaidi ya nusu, sasa hapo hakuna wa kusema kabebwa na mgawanyiko.

Ufaransa nao wana duru mbili za urais, ila kuna mtego, kura za upande mmoja zikigawanyika duru ya kwanza mnaweza msifike ya pili, kama 2002 Jospin wa mrengo wa kushoto alivyoachwa, Le Pen mzee wa mrengo mkali wa kulia akaingia na rais Chirac.

Ungeniambia nichague, kwa rais nachukua ile ya kuvuka nusu. Kwa wabunge najikuta katikati, kwa sababu viti vya kugawa kwa asilimia vina haki zaidi lakini majina yanapangwa na chama, na mbunge wa orodha anamwogopa aliyempanga kuliko sisi wapiga kura. Na najua utanirukia na Marekani, 2016 Clinton kumzidi Trump kura karibu milioni 3 na bado akashindwa kwa kuwa kule kinachohesabika ni wajumbe wa kila jimbo, ile mi siwezi kuitetea, itetee wewe.

Shangazi na watoto wasalimie sana.

Mwanao