Umaskini wa watoto umepimwa kwa kipimo gani?

Mhariri,

Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, yanazihusu nchi zote, tajiri kwa maskini, tofauti na yale ya Milenia ambayo tuliyazoea kama mtihani wa nchi zetu peke yake. Ndiyo maana mwaka 2017 UNICEF ilizipima nchi 41 za Umoja wa Ulaya na OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, kwa hali ya watoto wao, ikabainika kuwa kwa wastani mtoto mmoja kati ya watano anaishi katika umaskini wa kipato. Marekani ilishika nafasi ya 37.

Takwimu hizi hunukuliwa sana bila kuelezwa kilichopimwa. Lengo la kwanza linaitaka kila nchi ipunguze umaskini angalau kwa nusu ifikapo 2030, lakini kwa tafsiri ya umaskini ya nchi yenyewe.

Marekani ina vipimo viwili. Cha zamani, kilichobuniwa miaka ya 1960 kwa kuchukua gharama ya chakula cha familia na kuizidisha mara tatu, huhesabu fedha taslimu kabla ya kodi. Cha pili hujumlisha pia misaada ya chakula na nafuu za kodi, kisha hutoa kodi na matumizi ya lazima kama matibabu. Mwaka 2021, serikali ilipopanua nafuu ya kodi kwa wenye watoto na kulipa, kuanzia Julai hadi Desemba, hadi dola 300 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita, umaskini wa watoto kwa kipimo cha pili ulishuka kutoka asilimia 9.7 ya mwaka 2020 hadi 5.2; mpango huo ulipoachwa ufe, umaskini huo ulipanda mwaka uliofuata hadi 12.4. Kwa kipimo cha zamani, miaka hiyo yote mitatu ilikuwa kwenye asilimia 15 au 16, kana kwamba hakuna mzazi aliyepokea hata senti.

Uingereza yenyewe ilijiwekea kisheria, mwaka 2010, shabaha za kupunguza umaskini wa watoto kufikia 2020, kisha ikazifuta kwa sheria ya 2016, ambayo ni njia nyepesi kweli ya kutofeli.

Naomba basi gazeti lenu, linapochapisha orodha za namna hii, litaje mstari wa umaskini uliotumika. Ule wa UNICEF ulikuwa asilimia 60 ya kipato cha kaya iliyo katikati katika nchi husika, hivyo mtoto anayehesabiwa maskini Norway huenda kwao kuna fedha nyingi kuliko kwa asiyehesabiwa hivyo Romania.

Msomaji wenu,
Morogoro