Hamira ya kwenye tangi si mbegu ya shambani

Ndugu Mhariri,

Neno GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, likitajwa tu, tunagawanyika pande mbili kabla hatujaambiwa kilichobadilishwa ni nini. Leo naomba nafasi niisemee hamira ya aina hiyo, inayoweza kuugeuza muhogo unaoharibika kuwa ethanoli, maana mimi ni mkulima wa muhogo hapa Mkuranga.

Muhogo ukishang'olewa hausubiri. Siku ya pili au ya tatu unaukata na kukuta michirizi ya bluu iliyokolea, na mnunuzi anageuza gari. Msimu uliopita nilimwaga viroba 12. Ule wote ulikuwa wanga, na wanga unaweza kuwa ethanoli ya kupikia.

Tatizo ni kwamba hamira inakula sukari, wanga haiuwezi. Mama yangu, kule Songea, alilijua hilo kwa mikono yake. Alipotengeneza togwa, alisubiri uji wa mahindi upoe kidogo, kisha akakoroga unga wa kimea cha ulezi. Mwiko uliokuwa ukigoma unaanza kuteleza, uji unakuwa mwepesi, mtamu bila hata kijiko cha sukari. Ni vimeng'enya vya kimea vinavyoukata wanga kuwa sukari. Viwandani vimeng'enya hivyo hununuliwa.

Wataalamu wameipandikizia hamira kinasaba cha fangasi ili ijitengenezee kimeng'enya yenyewe. Viwanda vya ethanoli ya mahindi vya Marekani vinaitumia hamira ya aina hiyo tangu 2012. Huko Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch wameunda hamira inayokata hata wanga mbichi, hivyo moto wa kuupika kwanza unaokolewa.

Sisi mjadala wetu umekwama kwenye majaribio ya mahindi ya GMO huko Makutupora, Dodoma, yaliyositishwa Novemba 2018. Mbegu ya shambani chavua yake inafika kwa jirani, na hofu hiyo hata mimi ninayo. Hamira hii inafanya kazi ndani ya tangi, na joto la kukeneka ethanoli linaiua.

Wasiwasi wangu uko kwenye machicha yanayobaki baada ya kukeneka. Marekani yanakaushwa na kuuzwa kuwa chakula cha mifugo, na hapa kwetu yatabebwa yakiwa mabichi, kwa bodaboda, kupelekwa kwa ng'ombe. Nani atapima kuwa hamira imekufa yote kabla machicha hayajatoka getini? Maji machafu ya mtambo nayo yatamwagwa wapi? Maswali haya yaulizwe kwa sauti, na yajibiwe na mtu mwenye vipimo mkononi.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Naiomba iruhusu jaribio moja, tangi moja lililofungwa, chini ya usimamizi wa watafiti wetu wenyewe. Muhogo wa chakula usiguswe. Waanze na ule uliokataliwa na wanunuzi. Wa kwangu nitaupeleka mwenyewe.

Mkulima wa muhogo,
Mkuranga, Pwani