Visheti vya wanangu vilifunikwa kawa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia watu wote wamelala. Nimejaribu kulala nikashindwa, nikaamka nikatawadha nikasali, moyo haukutulia, basi nimeona bora niseme na wewe kwa sababu humu ndani sina wa kumwambia. Mume wangu nikianza tu kusema "mama" anageukia ukutani.

Tafadhali usinione mtu wa kukuza mambo. Ukilisikia jambo lenyewe utasema, hivi huyu anakosa usingizi kwa sahani ya visheti? Ndiyo, kwa sahani ya visheti.

Unajua sikukuu ilivyo kwa mavyaa. Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia sote tunahamia kule Ng'ambo ya mji wa Unguja, wifi zangu na watoto wao, na mie na wangu wawili. Mkubwa yuko darasa la kwanza, mdogo hata chekechea hajaizoea. Nyumba inanukia iliki na samli toka adhuhuri. Vitu vikavu ndivyo vinavyotangulia, visheti na vileja, kwa kuwa vinakaa. Tambi na mkate wa kumimina vinangoja alfajiri ya sikukuu yenyewe. Na hapo katikati kila mtu ana kazi yake isipokuwa watoto, wao wanafukuzwa. "Tokeni jikoni!" Ndiyo wimbo wa nyumba ile, asubuhi mpaka magharibi.

Mie kwetu Tanga sikulelewa hivyo. Mama yangu akikanda unga, kila mtoto alimegewa donge lake akae nalo mkekani. Ulichokifinyanga kinakaangwa, kikitoka upande upande kinaliwa vilevile, na mgeni akiuliza hiki nini anaambiwa hicho kafanya fulani. Mgeni anasifu. Ndiyo sikukuu niliyoijua. Nilitaka wanangu waipate japo kidogo, kwani kuna ubaya?

Na niliomba ruhusa, Shangazi. Hilo naomba ulishike, kwa sababu sasa inasemwa kwamba nilijichukulia tu. Nilimwambia mavyaa, mama, naomba donge moja niwape watoto. Akasema chukua. Wifi mkubwa alikuwepo, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, alisikia. Leo anasema hakusikia.

Basi niliwakalisha uani, mbali na jiko, juu ya mkeka, na chano katikati. Nikawaonyesha kumega kidogo, kukandamiza juu ya mgongo wa uma ili kitoke na mistari, kisha kukikunja. Mkubwa aliushika mchezo mara moja. Mdogo vyake vilikuwa vipande tu, wengine wangeviita mawe, lakini alikuwa akivipanga mstari mmojammoja na kimya kimemjaa, yule mtoto asiyetulia hata msikitini. Ningekuwa na simu karibu ningewapiga picha.

Usije ukaniambia mafuta ni ya moto. Najua mafuta ni ya moto. Najua na shira ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu maji yakikurukia yanateremka, shira inaganda pale pale kwenye ngozi. Kwa hiyo kukaanga nilikaanga mwenyewe, na shira nilitia mwenyewe, na wao hawakuvuka kizingiti. Wala mikono haikuwa michafu, nimewanawisha kwa sabuni. Mdogo alijikuna pua, nikamnawisha tena. Wifi ananiambia "niliona anajikuna pua." Aliiona pua, kunawishwa hakukuona.

Vikatoka sahani moja. Si vizuri kama vya mavyaa, sikatai, vingine vilifunguka kwenye mafuta. Lakini vilikuwa visheti. Mkubwa, binti yangu, akavifunika mwenyewe kwa kawa, akasema hivi vya wageni, mtu asivile. Halafu ikawa kungoja mwezi. Ile tarehe 29 sote tumekaa tunasikiliza redio, haukuandama, tukafunga ya 30. Yeye siku nzima anakwenda kuchungulia kawa lake na kurudi. Hafungi bado, angeweza kula hata kimoja. Hakula.

Siku ya sikukuu asubuhi mambo yalikuwa mazuri, wallahi. Mdogo ndiye aliyegawa tende kabla watu hawajaenda kusali, na mavyaa mwenyewe akamfundisha, gawa kwa witiri, moja au tatu au tano. Akacheka naye. Mchele wa fitri, binti yangu yule mkubwa ndiye aliyepima na bibi yake, pishi kwa kila kichwa, anahesabu majina ya nyumba nzima mpaka kitoto kichanga. Kwa hiyo usifikiri ni mtu mwenye roho mbaya. Ndiyo maana sielewi.

Wageni wakaja. Binti yangu amevaa gauni lake jipya, amekaa karibu na mlango ili aone sinia linavyopita. Likapita la kwanza, vileja na visheti vya mavyaa na haluwa. Likapita la pili. Vyake havimo. Akainuka, mbele ya watu, akauliza kwa adabu kabisa, bibi, vyangu viko wapi? Mavyaa akasema, "Vile vya kuchezea, mwanangu. Wageni hawapewi vya kuchezea." Wageni wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu wazima kwa watoto. Lakini mie niliona uso wake.

Sahani ilikuwa juu ya kabati. Juu kabisa, ambapo mtoto hafiki, na kawa lake lile lile alilolifunika yeye. Mtu alipanda kiti kuiweka pale. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiri. Ningesema wamesahau, lakini mtu hapandi kiti kwa kusahau. Nani alipanda? Mavyaa magoti yanamuuma, hapandi kiti. Nimeuliza, kila mtu hajui.

Mchana wakaenda na binamu zao viwanja vya Mnazi Mmoja, na mkono wa Idi waliopewa, bembea, sharubati, na kila mtu ananiambia, si unaona, ameshasahau. Hakusahau. Usiku ananiuliza, mama, kwani visheti vya kuchezea ni vipi? Nikakosa jibu. Nilipoenda kuishusha ile sahani sisimizi walikuwa wameshaimaliza nusu.

Wala sikusema kitu siku ile. Wifi mdogo anadai nilinuna. Sikununa, nilikuwa kimya. Nimeosha masufuria yote ya pilau na nimeaga vizuri na mkono wa mavyaa nimeubusu. Mtu aliyenuna anaosha masufuria?

Mume wangu anasema mama yake ni mtu wa zamani, kwake chakula cha mgeni ni heshima ya nyumba, huweki mezani kilichofinywa na mtoto. Sawa. Lakini mbona katika mfungo huo huo alikuwa akimwita mjukuu wake jikoni kila alasiri, "njoo unionjee chumvi"? Masheikh wanasema kuonja kwa ncha ya ulimi ukatema hakufunguzi, ila mavyaa hataki hata kulisikia hilo, anaogopa kumeza. Kwa hiyo mchuzi wa futari wa nyumba nzima ulikuwa ukitegemea ulimi wa mtoto wa miaka sita. Akisema bado, chumvi inaongezwa. Ulimi wake unaaminiwa, mikono yake haiaminiwi. Nilipomwambia mume wangu hivyo alisema nimeanza falsafa.

Na nisiwe mwizi wa fadhila. Nilipojifungua huyu wa pili, mavyaa ndiye aliyenikanda, siku zote 40 nilikuwa chini ya mikono yake, uji wa pilipili manga ananiletea kitandani, mama yangu hakuweza kuja kwa maradhi. Wifi zangu hawakutia mguu. Mtu huyo huwezi kumsema vibaya na mie simsemi. Nasema tu ile sahani haikuwa na haja ya kwenda juu ya kabati. Angevitia viwili kwenye sinia, pembeni, hata chini ya vile vyake, mtoto angeviona. Viwili tu.

Lililonifanya niandike usiku huu si hilo lakini. Ni kwamba Mfunguo Tatu umeshaandama na jana wifi mkubwa amepiga simu kupanga Idi kubwa. Fulani ataleta mchele, fulani viungo, fulani atasimamia nyama ikishachinjwa, mafungu matatu yale, la nyumbani, la jamaa na majirani, la masikini. Nikamuuliza, na mie? Akasema, "Wewe leta soda na maji."

Soda na maji, Shangazi. Mie nimeolewa nyumba ile zaidi ya miaka saba. Kuleta soda ni kazi ya shemeji asiyeoa. Nikamuuliza, kwani tambi nisipike? Akasema mama ameona nipumzike, nina watoto wadogo. Wao hawana watoto? Najua maana yake. Maana yake ni uma na mkeka. Wanaogopa nitawakalisha tena uani.

Nimesema siendi. Nimeshamwambia mume wangu, mwaka huu sisi tutakaa kwetu, nitanunua unga na samli, nitawaachia wanangu jiko zima, hata wakimwaga wamwage. Akasema, "Nunua soda, mke wangu, yaishe." Nikasema haishi. Halafu leo asubuhi nimejikuta dukani naulizia bei ya kreti. Sijui nilifuata nini.

Na kukaa kwetu kuna shida yake, na hii nakwambia wewe tu. Shira yangu haigandi. Ya mavyaa ikigeuzwa na visheti inakauka nyeupe, kila kimoja kimesimama peke yake, unashika huchafuki. Yangu inabaki inanata mpaka kesho. Nimemwomba vipimo miaka yote hii, anasema kipimo ni mkono. Sasa huo mkono tutaupataje kama wajukuu wanafukuzwa? Magoti yale hayarudi nyuma. Binti yangu ndiye pekee katika watoto wote wa nyumba ile anayetaka kujua, wenzake wote wako kwenye simu za mama zao. Nilikuwa na ndoto kwamba atafundishwa na bibi yake, si na mie. Ndiyo maana nililiomba lile donge kwake, ningeweza kununua unga wangu nikawafanyia nyumbani, mbona ningeshindwa nini?

Juzi binti amesema hataki kwenda kwa bibi. Amesema polepole tu, huku anapaka rangi daftari lake, "sikukuu mie nibaki na baba." Sikujua nimlazimishe au nimwachie. Nikimlazimisha anaona sikumtetea, maana ni kweli siku ile nilinyamaza, ningesema nini mbele ya wageni na mkwe ni mkwe? Nikimwachia, ndiyo mwanzo wa kumkata na bibi yake, na watasema mie ndiye niliyempandikiza. Lakini si hilo ninalokuuliza, hilo nitalitatua mwenyewe.

Nauliza hili la soda. Je, mtu akipangiwa soda anaweza kwenda na tambi bila ya kuambiwa, na soda pia akapeleka, au ni ukaidi? Na nikifika nazo zikiwekwa juu ya kabati? Mume wangu nimwambie azungumze na mama yake au wanaume hawaingizwi mambo haya? Aliwahi kuzungumza naye juu ya jambo jingine, akarudi na jibu la kwamba anirudishe kwetu Tanga nikapumzike. Sitaki tena jibu kama hilo.

Wala sitaki mavyaa aniombe radhi, ni mzee wangu, itakuwa aibu. Ila nikisema ukweli, nataka amwombe mtoto. Au asimwombe, amwite tu siku moja amwambie njoo ukande. Sijui nataka lipi. Usiku nataka hili, asubuhi lile.

Na kama unajua kwa nini shira ya mtu inakataa kuganda, niandikie hata mstari mmoja. Sukari natia nyingi, maji kidogo, ndimu sitii.

Naomba unijibu kabla ya siku ya Arafa, kwa sababu wifi anataka kujua idadi ya kreti. Na ukiichapa barua hii jina langu usilitie, la Tanga ulitoe, na hapo kwenye visheti andika kitu kingine, andika vitumbua. Wifi yangu anakusoma kila wiki.