Kwa Neema, kuhusu notisi za lekcha

Leeds, Uingereza
3 Novemba

Mdogo wangu Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mpe mama shikamoo yangu, na baba mwambie miwani yake itakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao.

Mama kaniambia umeanza sheria, na kila jioni unarudi hosteli mkono unauma, kurasa kumi zimejaa, lakini ukizisoma huelewi ulichoandika. Kazi yangu hapa chuoni ni hiyohiyo, kuwaelekeza wanafunzi namna ya kusoma, ndiyo maana nakujibu kwa barua. Ya simu yangesahaulika.

Unataka kuandika kila neno, na haiwezekani. Mhadhiri akizungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Mkono mwepesi hata 40 haufiki. Ukilazimisha, maneno yanatoka masikioni yanakwenda mkononi bila kupita kichwani. Na bado unaachwa: unapomalizia sentensi ya kwanza yeye yuko ya tatu, na ile ya pili, ambayo pengine ndiyo iliyobeba sababu, imeshapita. Lekcha ya dakika 50 ikikupa kurasa tatu za A4, nne zikizidi sana, umetosheka.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Nunua kaunta buku ya A4. Pima sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto, uchore mstari wa wima; kulia zitabaki 15. Chini acha sentimita 5, uchore mstari wa mlalo. Mpangilio huu aliueneza Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na umedumu kwa sababu ni rahisi. Darasani unaandika upande wa kulia tu. Kushoto na chini usiguse mpaka lekcha iishe. Wengi huchora mistari vizuri kabisa, halafu wakajaza kushoto vichwa vya habari huku mhadhiri anaendelea. Hapo ni sawa na kutochora. Juu weka tarehe, kozi, mada na namba ya ukurasa. Andika uso mmoja tu wa karatasi, wa nyuma utauhitaji kwa nyongeza.

Sasa chukua mfano wa somo lako. Mhadhiri anafundisha ofa, yaani pendekezo la mkataba ambalo mwingine akilikubali linamfunga aliyelitoa, na anatumia dakika kumi nzima kwenye kesi ya Carlill, mwanamke aliyeidai kampuni iliyotangaza kifaa cha kuzuia mafua. Notisi zako zisizidi hivi:

Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball, 1893, Mah. ya Rufaa, Uingereza
Tangazo: £100 kwa atakayetumia kifaa x3 kwa siku, wiki 2, bado akapata homa ya mafua. £1,000 ziko benki.
C katumia → kaugua → kadai. Kampuni: hatukuahidiana na mtu yeyote
Mah.: ofa kwa dunia nzima inawezekana. Kukubali = kutimiza masharti, bila kutoa taarifa kwanza
★ Kwa nini si porojo za biashara? £1,000 benki → nia ya kweli

Nimeandika kwa Kiswahili tupu ili na baba asome. Wewe istilahi za sheria ziache katika Kiingereza kama zinavyofundishwa, maana ndivyo utakavyoulizwa kwenye mtihani. Maelezo ya kuziunganisha yaandike kwa lugha inayokujia haraka. Kutafsiri istilahi papo hapo kunakula muda, na ukikosea tafsiri utajifunza kosa.

Angalia kilichoachwa: umbo la kifaa, utani wa mhadhiri, aya ndefu ya hukumu iliyosomwa kwenye slaidi. Hukumu utaikuta maktaba. Mstari wenye nyota ndio ghali, kwa kuwa mtihani hautakuuliza Bi. Carlill aliumwa nini, utakupa tangazo la duka fulani na kukuuliza kama linafunga mkataba, na kwa nini.

Utajuaje cha kuandika? Sikiliza viungio. "Kuna masharti manne" maana yake andika 1 hadi 4 pembeni hata kabla hajayataja. Akitaja matatu tu, nafasi tupu itakuambia kuna kitu kimekupita. "Hata hivyo", "isipokuwa", "tofauti na" ni milango ya hoja mpya. Akirudia jambo, akipunguza kasi, akigeuka kuandika ubaoni, weka nyota. Likikupita neno, acha mistari miwili wazi, weka alama ya kuuliza, uendelee. Usimgeukie jirani kumuuliza, mtapotea wote wawili. Na zile dakika tano za mwisho, ukumbi mzima unapofunga mabegi, ndipo wahadhiri wengi hufupisha mada na kutaja ya wiki ijayo. Kalamu yako iwe bado mkononi.

Vifupisho viwe kama 15 hivi, vya kudumu, umeviandika ndani ya jalada. Kifupisho cha kubuni papo hapo ni mtego: leo "mh" ni mahakama, kesho mhadhiri, keshokutwa mheshimiwa, na wiki ya tisa huwezi kujua ni yupi aliyetoa hukumu.

Kuhusu kupiga picha slaidi: piga mchoro au jedwali usiloweza kunakili, basi. Picha mia nne kwenye simu hakuna anayezifungua. Kurekodi sauti, omba ruhusa kwanza, na ukumbuke lekcha ya saa moja inadai saa nyingine kuisikiliza. Andika tu dakika uliyopotea, urudi hapo. Madesa, yaani notisi za waliokutangulia, ya mwaka jana yanafaa kusoma robo saa kabla ya kipindi, ili majina ya kesi yasikufikie kama mageni. Ukiyatumia badala ya kuandika, unabeba na makosa ya aliyeyaandika.

Kompyuta? Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walitoa utafiti ulioonyesha kuwa wanaochapa hunakili maneno ya mhadhiri yalivyo kuliko wanaoandika kwa mkono, na maswali ya kufikiri yanawashinda zaidi. Majaribio ya kurudia yaliyofuata hayakuona pengo wazi kama lile, kwa hiyo sikukatazi. Kosa liko kwenye kunakili. Ila kalamu haina WhatsApp.

Sehemu ambayo karibu kila mtu anairuka ni hii. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, tenga dakika 20. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huenda kasi sana saa za mwanzo, kisha hupungua. Lekcha yenye maana haipotei haraka kama silabi zile, lakini usiku ule bado unakumbuka alichosema pale ulipoacha mistari wazi. Kesho kutwa hukumbuki. Kwa hiyo jaza mapengo kwanza, kwa kalamu ya rangi nyingine ili ujue kipi cha darasani na kipi chako. Kisha nenda kushoto uandike maswali, moja kwa kila hoja: "Tangazo linakuwa ofa lini?" Usiandike "Ofa" peke yake, neno moja halikudai jibu. Mwisho, chini kabisa, sentensi tatu au nne za ukurasa mzima bila kuangalia juu. Zikigoma kuja, hiyo mada hujaielewa, na umeligundua wiki ya pili badala ya wiki ya mtihani.

Jumamosi funika kulia kwa karatasi, soma swali la kushoto, jibu kwa sauti, ndipo ufunue. Dakika kumi kwa kila kozi zinatosha kuanzia. Usichoweza kujibu kitilie alama umpelekee mhadhiri kwenye semina. Kusoma tena kurasa kimya na kupaka rangi ya njano kila mstari hukufanya udhani unajua, kumbe unatambua mwandiko wako tu.

Nimetuma pesa ya kaunta buku na nauli kwa namba ya mama. Ukurasa mmoja wa wiki hii, ulioandikwa pande zote tatu, upige picha unitumie Jumapili. Nitakurudishia nikiwa nimeuchorachora.

Dada yako,
Rehema