Barua kwa mwanangu: Usiwapitie kwa mstari mmoja

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, na bibi anakusalimu sana. Insha yako ya Historia nimeisoma yote. Ni nzuri, ila wabunge Weusi wa Marekani wa karne ya 19 umewapa mstari mmoja, kisha ukarukia miaka ya 1960. Hapo hukuwatendea haki.

Mtazame Hiram Revels, mchungaji. Mwaka 1870 bunge la jimbo la Mississippi lilimchagua kuwa seneta, kwani siku hizo maseneta hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Alipofika Washington, wapinzani wake walishika Katiba: seneta sharti awe raia kwa miaka tisa. Wakasema Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu Mweusi si raia, kwa hiyo uraia wa Revels ulianza juzi tu, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Na huyu alizaliwa huru, North Carolina! Dhuluma ya mahakama ikageuzwa kuwa hoja ya kuendeleza dhuluma. Inaniuma hadi leo. Baada ya mjadala mkali, tarehe 25 Februari Seneti ilimkubali kwa kura 48 dhidi ya 8, akaapishwa.

Desemba mwaka huohuo akaingia Joseph Rainey wa South Carolina katika Baraza la Wawakilishi. Yeye alizaliwa mtumwa. Baba yake, kinyozi, ndiye aliyenunua uhuru wa familia. Wakati wa vita Rainey alitorokea Bermuda. Mwaka 1874, Spika akiwa James G. Blaine, Rainey alikalia kiti hicho kwa muda na kuongoza kikao. Fikiria: mtu aliyewahi kuhesabiwa mali ya mwingine, sasa wabunge wanamwomba yeye ruhusa ya kusema.

Kisha majimbo ya Kusini yakawafungia watu Weusi njia ya kupiga kura kwa kodi, mitihani ya kusoma na vitisho vya bunduki. George Henry White, mbunge Mweusi wa mwisho wa kizazi hicho, alipoondoka mwaka 1901, Bunge lile halikuwa na mbunge Mweusi hata mmoja mpaka Oscar De Priest wa Chicago alipoingia mwaka 1929.

Mwalimu akikuruhusu kuirudia insha, anzia kwenye kura ya Revels. Nitumie kabla hujaikabidhi.

Baba yako