Samadi ya kuku isimwagwe juu ya nyasi zilizolala

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa yenu kuhusu samadi ya kuku inayochafua vijito kusini mwa Marekani, katika majimbo kama Georgia, Alabama na Mississippi. Taarifa ilieleza vizuri wingi wa samadi hiyo, lakini haikugusa kalenda ya shamba, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Nyasi za bermuda, ambazo wakulima wengi wa huko hukata na kufunga marobota, hulala baridi inapoanza, yaani huacha kukua na kubaki za kahawia hadi majira ya kuchipua. Samadi iliyochanganyika na maranda ya bandani ikimwagwa wakati huo hukosa mzizi hai wa kuifyonza, na mvua kubwa huisukuma mtoni pamoja na fosforasi yake, kirutubisho cha mimea kinachochafua maji kikizidi.

Njia ya kupunguza madhara ipo: kupanda raigrasi ya msimu mmoja, nyasi ya malisho inayokua wakati wa baridi, juu ya nyasi hizo mwezi wa Septemba au Oktoba, ili shamba liwe na mmea unaokula rutuba kipindi chote cha baridi. Hata hivyo, raigrasi hiyo ikiliwa na ng'ombe papo hapo, sehemu kubwa ya virutubisho hurudi ardhini kupitia kinyesi; ni lazima ikatwe na kuondolewa shambani, tena mapema, isije ikaifunika bermuda inayochipua. Napendekeza mamlaka za kilimo zinazochangia gharama za mbegu ziweke sharti la kuvuna, na zidai udongo upimwe fosforasi kabla ya samadi nyingine kumwagwa.

Msomaji wenu,
Morogoro