Taarifa ya mwenyekiti wa chama cha tenisi kwa wanachama, mwaka 2025

Wanachama wenzangu salaam, poleni na hili joto la Mombasa na poleni pia kwa kucheleweshewa taarifa, ilikuwa niisome mkutanoni lakini si mwajua stima zilipotea nikabaki nimeshika makaratasi gizani kama mwizi, kwa hivyo naileta kwa maandishi kila mtu asome kwa wakati wake.

Mambo ya kawaida nayamaliza haraka. Neti mpya ishafungwa, ile kuukuu tumeikata, watoto wadogo wanaitumia kwa viwanja vyao vidogo. Mipira bado ni shida, mingi imepara kama kichwa changu. Hesabu ziko kwa mhazini, zimekaguliwa, mwenye swali amuulize yeye maana mimi hesabu zilinishinda tangu darasa la tano.

Sasa hili lililonikaa rohoni mwaka mzima. Karibu kila Jumamosi kuna mzazi ananivuta kando pale getini, "mwenyekiti, huyu wangu sasa ni namba ngapi?" yaani kwenye orodha ya ubora wa wachezaji. Mtoto ana miaka 9 jamani, bado anafungwa kamba za viatu na dadake. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, wacha nijibu wote hapa, na nitajibu kwa kisa cha Victoria Mboko, yule mcheza tenisi wa Kanada, kwa sababu najua Agosti wengi wenu mlikesha kumtazama.

Huyu binti wazazi wake ni watu wa Kongo, yeye kazaliwa Charlotte kule Marekani 2006 na kakulia Burlington, Ontario, Kanada. Kitinda mimba wa watoto wanne, akifuata ndugu zake kiwanjani. Mwaka huu wa 2025 aliuanza akiwa namba 333 duniani. Hiyo 333 ukiisikia waona ni kubwa lakini kwa tenisi ni mtu anayetafuta nauli, hakuna TV, watazamaji ni wawili watatu na mmoja wao ni mamake. Na ilikuwa kachelewa kidogo pia, goti lilimsumbua, halafu kuna sheria ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake duniani, kwamba ukiwa chini ya miaka 18 unawekewa kikomo cha mashindano, kwa hivyo huu ndio mwaka wake wa kwanza mzima wa kucheza atakavyo.

Akaanzia wapi? Si Melbourne kwenye Australian Open. Alianzia Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi, mashindano madogo yanaitwa W35. Kashinda huko, kaenda pengine kashinda, mechi 22 mfululizo na hakupoteza hata seti moja. Mimi Januari na Februari hata jina lake sikuwa nalijua, naye kazi ilikuwa ishaanza.

Hapa ndipo nataka wazazi mnisikize vizuri. Ile W35 maana yake bingwa anapewa pointi 35, na pointi ndizo zinazopanga namba. Kombe la Montreal alilokuja kulibeba Agosti linatoa 1000. Pigeni hesabu nyie mnaojua, vikombe 28 vya W35 bado havifiki kimoja cha Montreal. Lakini huwezi kuamka tu ukaenda Montreal, lazima namba yako ikuruhusu au upewe nafasi ya mwaliko, na wa kualikwa ni yule ambaye ashaonyesha kitu. Tena pointi zenyewe ni kama bando la data, zinakaa wiki 52 zinakatika, ulizitumia hukuzitumia. Ukishinda Machi, Machi inayokuja inabidi ushinde tena ama urudi chini. Kwa hivyo namba si cheti cha kutundika sebuleni, ni kodi ya nyumba, kila mwezi mwenyewe anabisha hodi.

Na kapoteza pia, msidhani ilikuwa mteremko. Miami alialikwa, kashinda mechi moja, ya pili Paula Badosa kamtoa kwa taibreki, zile pointi za kuvunja sare, seti ya tatu. Rome kapita mchujo wa kuingia mashindanoni, kamnyang'anya Coco Gauff seti ya kwanza kisha kapigwa mbili. Roland Garros kule Paris kapita mchujo tena mpaka raundi ya tatu. Wimbledon ndiyo inanifurahisha zaidi, mchujo ulimshinda kabisa, alikuwa afunge begi, mtu mmoja akajitoa akaitwa yeye, akaingia akamtoa Magdalena Frech aliyepangwa namba 25. Huko Washington mwezi Julai Elena Rybakina akamtandika seti mbili kavu.

Wiki ya pili yake Montreal wakakutana tena na Rybakina yuleyule, nusu fainali. Seti ya kwanza 1-6 nikasema basi leo nikalale, nikaenda jikoni kuchemsha maji, narudi kumebadilika, 7-5, halafu ya tatu taibreki, na katikati ya hayo alikuwa amekabiliwa na mechi pointi, yaani pointi moja tu atolewe, na ameanguka akaumia kifundo cha mkono. Fainali na Naomi Osaka, 2-6, 6-4, 6-1. Namba 85 kaingia, namba 24 katoka. Katika safari hiyo aliwatoa mabingwa wanne wa Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi, Sofia Kenin, Gauff, Rybakina na Osaka. Miaka 18! Kisha wiki chache mbele US Open katolewa raundi ya kwanza, Novemba kabeba Hong Kong, mwaka kaufunga akiwa namba 18.

Sasa kuna kitu wengi mmesahau. Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana wadogo wawili wawili. Upande mmoja Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, upande wa pili Wakanada, Kayla Cross na huyuhuyu Mboko. 3-6, 6-4, taibreki ya mwisho 11-9. Sisi tulishinda! Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam, msichana aliyelelewa na nyanya yake baada ya mamake kufariki kwa uzazi. Lakini kombe lile la vijana halina hata pointi moja kwa orodha ya wakubwa, kila mtu alirudi kuanza chini. Angella alienda Chuo Kikuu cha Auburn kule Alabama, na 2024 akatuletea dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Sisemi nani kachagua vizuri, masomo ni masomo na mimi ni mwalimu mstaafu siwezi kuyasema vibaya. Nasema tu walikuwa kiwanja kimoja, pointi mbili kati yao, na wa kwetu si kwamba mkono wake ni dhaifu.

Kwa hivyo jibu langu la getini ni hili, mtoto wako hana namba na asiwe nayo sasa hivi. Anachohitaji ni mechi na watu asiowajua. Watoto wetu wanacheza wao kwa wao mpaka kila mmoja anajua sevu ya mwenzake itaangukia wapi, hiyo si mechi hiyo ni maigizo. Martinique yetu ni Nairobi. Mwaka huu tumepeleka watoto huko mara moja tu, wakapigwa karibu wote, na wazazi wawili wakanipigia simu wamekasirika eti tumewaaibisha watoto. Mimi nilikuwa nao ndani ya treni kurudi, watoto wenyewe walikuwa wanabishana nani angeshinda kama angebadilisha hiki na kile, hakuna aliyelia.

Kamati inapendekeza mfuko wa safari, utengwe mbali na ada ya kiwanja, twende Nairobi mara tatu mwaka ujao. Kiasi tutakubaliana mkutanoni, safari hii tunafanya mchana. Na aliyebeba ile raketi nyekundu ya chama kwenye sherehe ya Desemba airudishe kwa kocha, najua iko kwa nani lakini sitaji.